Africa Twin: Miaka 11 ya tetesi kuhusu injini moja

Mwezi Novemba mwaka 2014, katika maonyesho ya pikipiki ya EICMA mjini Milan, Italia, kampuni ya Honda ya Japan ilionyesha pikipiki iliyotapakaa matope, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka porini. Kampuni haikutaja ukubwa wa injini yake, wala nguvu zake, wala bei. Hata jina iliyopewa, True Adventure, lilikuwa la kupita tu. Hata hivyo wapenzi wa pikipiki za safari ngumu waliitambua. Walikuwa wakiingoja tangu mwaka 2003, Honda ilipoacha kuunda pikipiki yake mashuhuri ya Africa Twin.

Katika miaka hiyo 11 tetesi hazikukoma. Tetesi za namna hii kwa kawaida hulishwa na vyanzo vitatu: nyaraka za hataza, ambazo huwekwa wazi kwa umma kama sehemu ya kulinda uvumbuzi wa kampuni, picha za pikipiki za majaribio zinazonaswa barabarani, na wachoraji wa magazeti, ambao hujaza kwa kalamu yale ambayo macho hayajayaona. Chanzo cha kwanza ndicho cha kuaminika zaidi, ingawa si kila kinachosajiliwa huishia kiwandani. Chanzo cha tatu ndicho kinachopendwa zaidi.

Swali kubwa lililokuwa likijadiliwa halikuwa la rangi wala la bei. Lilikuwa la mpangilio wa silinda mbili chini ya tangi la mafuta: je, zingetanuka kwa umbo la V, kama ilivyokuwa katika Africa Twin ya zamani, au zingesimama sambamba, bega kwa bega? Kwa mtu asiye fundi swali hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa yule anayepanga kuvuka jangwa akiwa na mizigo yake yote juu ya magurudumu mawili, jibu lake huamua uzito atakaouinua akianguka mchangani.

Jina lililozaliwa jangwani

Mbio za Paris–Dakar zilianzishwa na Mfaransa Thierry Sabine, aliyepata wazo hilo baada ya kupotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977. Msafara wa kwanza uliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978 na kumalizikia Dakar, mji mkuu wa Senegal. Mshindi wa pikipiki alikuwa Mfaransa mwingine, Cyril Neveu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya pikipiki za silinda moja, nyepesi na rahisi kutengenezwa njiani. Kisha kampuni ya BMW ya Ujerumani ikaja na injini kubwa za silinda mbili zinazotazamana kushoto na kulia, ikashinda mwaka 1981, na tena 1983, 1984 na 1985. Sababu haikuwa siri. Katika nyanda za Sahara, ambako dereva anaweza kwenda kilomita nyingi bila kona, injini ya silinda moja huishiwa na mbio mapema. Honda ilikuwa imeshinda mwaka 1982 kwa silinda moja, na ikatambua kwamba ushindi wa aina hiyo usingerudi kirahisi.

Jibu lake lilikuwa NXR750, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya mbio hizo peke yake, yenye silinda mbili za umbo la V na ujazo wa karibu sentimita 780. Ilishinda mwaka 1986, mwaka ambao Sabine mwenyewe alifariki dunia katika ajali ya helikopta nchini Mali. Mwaka 1987 ilishinda tena, baada ya Hubert Auriol, aliyekuwa akiongoza kwa pikipiki ya Cagiva, kuvunjika vifundo vya miguu yote miwili wakati mbio zikikaribia ukingoni. Neveu ndiye aliyenyanyua kombe katika miaka hiyo miwili. Mwitaliano Edi Orioli akafuata mwaka 1988, na Mfaransa Gilles Lalay mwaka 1989. Mara nne mfululizo. Kisha Honda ikafunga kambi yake.

Mwaka 1988, wakati ushindi huo ukiwa bado moto, Honda iliwauzia wananchi wa kawaida pikipiki iliyofanana na ile ya mbio. Iliitwa XRV650 Africa Twin. Mwaka 1990 ikaongezewa ujazo na kuitwa XRV750, na ikaendelea kuundwa hadi 2003. Wasafiri wengi waliivusha Sahara na kuishusha hadi Afrika Kusini, na sifa yake haikuwa mwendo kasi. Sifa yake ilikuwa kufika.

Ujanja uliofichwa ndani ya krenki

Ili kuelewa kwa nini watu waling'ang'ania umbo la V, inafaa kuanza na injini inayofahamika zaidi Afrika Mashariki. Abiria wa bodaboda amekaa juu ya injini ya silinda moja: pistoni moja hupanda na kushuka, na kwa kila mizunguko miwili ya krenki hupatikana mlipuko mmoja. Krenki ni ule mhimili wa chuma uliopindwa, unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko unaofika kwenye gurudumu. Kila pistoni inaposimama juu na kugeuka kushuka, injini nzima husukumwa. Katika injini ndogo mtikisiko huo huvumilika. Ukiipa injini hiyo ukubwa mara saba au nane, mtikisiko huchosha mikono na kulegeza nati.

Silinda mbili zikitanuliwa kwa umbo la V la nyuzi 90, pistoni moja husimama wakati nyenzake ikiwa katikati ya safari, ikienda kwa kasi iliyo karibu na ya juu kabisa. Msukumo wa moja huweza kufutwa kwa uzito uliowekwa kwenye krenki, na injini hutulia. Tatizo ni nafasi. V ya nyuzi 90 ni ndefu kutoka mbele hadi nyuma. Silinda ya mbele hulala kuelekea gurudumu, na pikipiki nzima hurefuka.

Wahandisi wa Honda wa miaka ya 1980 walilitatua tatizo hilo kwa njia ya kupendeza. Waliibana V ya Africa Twin hadi nyuzi 52, kisha badala ya kuzifunga pistoni zote mbili kwenye kishikio kimoja cha krenki, wakatumia vishikio viwili vilivyoachanishwa kwa nyuzi 76. Hesabu hiyo iliwarudishia utulivu wa V ya nyuzi 90 ndani ya injini nyembamba. Kwa maneno mengine, pembe iliyoonekana kwa macho haikuwa peke yake iliyofanya kazi. Nyingine ilifichwa ndani ya krenki. Wapenzi wa Africa Twin walioapa kwamba roho ya pikipiki yao ilikuwa katika V hawakuizingatia sana sehemu hiyo ya pili, nayo ndiyo iliyokuja kuamua mambo.

Dhana zilizokuwapo

Mtu aliyetaka kubashiri kabla ya mwaka 2014 angeweza kuangalia yaliyokuwamo katika ghala la Honda yenyewe.

Kulikuwa na Varadero, iliyotolewa mwaka 1999 ikiwa na V ya nyuzi 90 ya ujazo wa karibu lita moja, iliyotokana na pikipiki ya barabara ya lami. Wengi waliitarajia kuwa mrithi, lakini ilikuwa nzito na pana, na gurudumu lake la mbele lilikuwa dogo kwa njia za mawe. Mwaka 2012 ikaja Crosstourer yenye silinda nne za umbo la V na uzito wa takriban kilo 275. Hiyo ilikuwa mashine nzuri ya kuvuka Ulaya kwa starehe, wala hakuna aliyeota kuiinua peke yake katikati ya mchanga. Mwaka huohuo ikatoka NC700X, pikipiki ya bei nafuu yenye silinda mbili sambamba. Ilikuwa ya matumizi ya kila siku, ya kwendea kazini, na kwa hiyo wachache waliiweka katika hesabu zao za jangwani. Walikosea kuipuuza, maana krenki yake ilikuwa imepindwa kwa nyuzi 270.

Nje ya Honda pia dalili zilikuwapo. BMW ilikuwa ikiuza F800GS ya silinda mbili sambamba tangu mwaka 2008. Yamaha ilikuwa imetumia krenki ya nyuzi 270 katika TRX850 tangu miaka ya 1990, na mwaka 2010 ikaiweka katika Super Ténéré ya ujazo wa sentimita 1,200. Tena ipo historia ambayo mashabiki wa V walikuwa wepesi kuisahau: Stéphane Peterhansel alishinda mbio za Dakar mara sita kati ya 1991 na 1998 akiendesha Yamaha, na injini zake zilikuwa za silinda mbili sambamba. Hoja kwamba ni V tu inayostahili jangwa ilikuwa imevunjwa na mchanga wenyewe zamani.

Soko nalo lilikuwa limebadilika. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walikuwa wamezunguka dunia kwa pikipiki za BMW mwaka 2004, na mwaka 2007 wakashuka kutoka Scotland hadi Cape Town, wakipitia Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Vipindi vyao vya televisheni viliwafanya watu wengi waliokuwa na kazi za ofisini kununua pikipiki kubwa zenye masanduku ya chuma. Wengi wao hawakuwahi kuiona njia ya Marsabit hadi Moyale ilivyokuwa kabla ya kuwekwa lami, lakini walitaka mashine ambayo ingeweza kuipita. BMW ilivuna, na Honda ikawa inatazama.

Mwaka 2013 Honda ilirudi rasmi kwenye mbio za Dakar baada ya miaka 24. Kwa waliozoea kusoma nyendo za kampuni hiyo, hilo lilitosha: kampuni hairudi jangwani kwa gharama kubwa bila kuwa na kitu cha kuuza.

Jibu la mwaka 2015

Mwezi Mei 2015 Honda ilithibitisha kwamba pikipiki iitwayo CRF1000L itabeba jina la Africa Twin. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili sambamba, ujazo wa sentimita 998, krenki ya nyuzi 270.

Nyuzi 270 zina maana gani? Injini ya mipigo minne hukamilisha kazi yake katika nyuzi 720, yaani mizunguko miwili. Pistoni mbili zikipanda na kushuka pamoja, milipuko huja kwa nafasi sawa za nyuzi 360, na sauti huwa ya kunguruma mfululizo. Krenki ikiachanishwa kwa nyuzi 270, mlipuko wa pili huja baada ya nyuzi 270, kisha injini hupumzika kwa nyuzi 450 kabla ya kuanza upya. Mpangilio huo wa 270 na 450 ndio uleule wa V ya nyuzi 90. Sikio husikia mdundo wa V, na pistoni moja ikisimama nyenzake huwa mbioni, kama ilivyo katika V. Mtikisiko unaobaki hunyamazishwa na mihimili miwili ya kusawazisha inayozunguka ndani ya injini.

Wahandisi hudai pia kwamba pumziko lile refu kati ya milipuko hulipa tairi la nyuma nafasi ya kuushika udongo. Dai hilo ni gumu kulipima, na wapo wanaoliona kuwa la kibiashara. Hata hivyo ni dai linalotolewa pia na watu wanaoendesha kwenye changarawe kila siku na wasio na cha kuuza, kwa hiyo si la kutupwa.

Faida isiyobishaniwa ni ya nafasi. Injini ya V ina vichwa viwili vya silinda, seti mbili za kuendesha kamshafti, na mabomba mawili ya moshi yanayoelekea pande tofauti, moja likipita karibu na mguu wa dereva. Injini sambamba ina kichwa kimoja. Honda iliibana zaidi kwa kutumia mfumo ilioutoa kwenye pikipiki zake za mashindano ya matope, ambamo kamshafti moja huendesha valvu zote nne za kila silinda. Pampu ya maji ikafichwa ndani ya kifuniko cha klachi, na mihimili ya kusawazisha ikapewa pia kazi ya kuendesha pampu. Injini ikawa fupi kutoka mbele hadi nyuma na chini hadi juu, na chini yake kukabaki milimita 250 za hewa kabla ya kugusa jiwe.

Gharama yake ni upana. Silinda zilizosimama bega kwa bega haziwezi kuwa nyembamba kama zile za V, na dereva aliyetoka kwenye Africa Twin ya zamani aliweza kuihisi tofauti hiyo magotini. Lakini uzito ulikuwa kilo 228 ikiwa imejazwa mafuta, karibu kilo 47 chini ya Crosstourer. Nguvu yake ilikuwa kilowati 70, gurudumu la mbele lilikuwa la inchi 21 kama inavyotakiwa porini, na tangi lilichukua lita 18.8.

Kilowati 70 ziliwavunja moyo baadhi ya waliobashiri. Washindani walikuwa tayari na mashine zenye nguvu zaidi ya hizo kwa mbali, na kulikuwa na waliotarajia Honda iingie katika ushindani wa takwimu. Haikuingia. Ukitazama madhumuni ya pikipiki hiyo, uamuzi ulikuwa wa busara: mchangani dereva huomba nguvu ya taratibu inayopatikana mapema, wala si ile inayokuja injini ikipiga kelele.

Jambo moja ambalo lingali likigawanya watu ni giaboksi ya klachi mbili, iliyotolewa kwa anayeitaka. Klachi moja hushika gia ya 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6, na mashine hubadilisha yenyewe. Hakuna mkono wa klachi wala pedali ya gia. Wenye desturi za zamani waliiona kama dharau kwa ufundi wa dereva. Lakini injini isiyozimika mtu akiwa amekwama kwenye mlima wa mawe ina utetezi wake, na Honda iliweka kitufe maalumu cha kupunguza kuteleza kwa klachi kwenye njia za changarawe. Bei yake ni kilo 10 zaidi.

Baada ya tetesi kutimia

Mwaka 2019 kulikuwa na wimbi jingine la ubashiri, safari hii kuhusu ukubwa. Kanuni za Ulaya za kupunguza moshi wenye sumu zilikuwa zikikazwa, na injini nyingi zilikuwa zikiongezewa ujazo ili zisipoteze nguvu. Honda haikubadilisha kipenyo cha silinda. Ilirefusha tu safari ya pistoni kutoka milimita 75.1 hadi 81.5. Ujazo ukafika sentimita 1,084 na nguvu ikapanda hadi kilowati 75.

Mbio zilizolizaa jina hilo zilikuwa zimekwisha kuondoka Afrika. Zilifutwa mwaka 2008 kwa sababu za usalama, baada ya watalii wanne wa Ufaransa kuuawa nchini Mauritania, zikahamia Amerika Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 zinafanyika Saudi Arabia. Mwaka huo wa 2020 Mmarekani Ricky Brabec aliipatia Honda ushindi wake wa kwanza tangu 1989. Hakuendesha Africa Twin, kwani sheria za mbio hizo zilikuwa zimeshaweka kikomo cha sentimita 450 kwa pikipiki. Aliendesha ya silinda moja.

Silinda mbili sambamba zimeendelea kuenea. Mwezi Novemba 2022 Honda ilirudisha jina jingine la zamani, Transalp, ambalo tangu mwaka 1987 lilikuwa la injini za V. Transalp mpya ina ujazo wa sentimita 755, kamshafti moja na krenki ya nyuzi 270. Safari hii malalamiko ya kuikosa V yalikuwa madogo.

Kisha mwaka 2024, palepale Milan, Honda ilionyesha injini ya silinda tatu za umbo la V la nyuzi 75, mbili mbele na moja nyuma, ikiwa na kompresa inayoendeshwa kwa umeme kuisukumia hewa. Pikipiki ya majaribio iliyoonyeshwa nayo mwaka 2025 ni ya barabara ya lami. Atakayeichora ikiwa porini atakutana tena na vichwa viwili vya silinda, silinda za mbele zinazoegemea gurudumu, na bomba la moshi la nyuma linalotafuta pa kupita.